Nairuzi

Jamani, hatimaye nimeiona Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya, kule Makunduchi, Unguja! Vumbi, jua kali, na wanaume wa pande mbili wakicharazana kwa magomba ili hasira za mwaka mzima ziishe (wengine walikuwa na akiba kubwa, wallahi). Kisha kibanda cha makuti kikatiwa moto. Kogwa inatokana na koga: mwaka unaoshwa. Lakini Nairuzi, jina lake la zamani, ni Kiajemi, maana yake siku mpya. Iran husherehekea Machi, Unguja Julai, kwa sababu hesabu ya wazee wetu ilikuwa siku 365 kamili bila mwaka mrefu wa siku 366, basi sikukuu ikawa inahama polepole. Nyimbo za kina mama siziandiki hapa, mama mkwe yumo kati ya wasomaji.