Mtoto mchanga na mhasibu

"Shemeji, mtoto wa kilo tatu, mifupa yote hiyo ataiweka wapi?"

Toka Jumapili maneno haya hayanitoki. Shemeji yule mhasibu mnamjua, na baada ya chakula cha kipaimara cha Neema ndiye aliyeshika karatasi ya chemsha bongo. Swali: nani ana mifupa mingi, mtoto mchanga au mtu mzima? Nikajibu kichanga, karibu 300, mtu mzima ana 206.

"Kosa. Mtu anakua, mifupa inaongezeka."

"Shemeji, mimi ni mkunga."

"Na mimi ndiye mwenye majibu."

Sebule nzima ikaangua kicheko, Baba Neema akiwemo. (Uhamisho wake wa Singida umetoka, nitawaeleza nikitulia.)

Usiku wa Jumatatu nikiwa zamu nilipokea kichanga cha kike. Kidole kikapita utosini, pale panapodunda, nikagusa kingo za mifupa ya kichwa zilivyopandana kidogo ili apite. Paji la uso lenyewe huanza likiwa vipande viwili. Chini kule, juu ya kitako, pingili tano zitakuja kushikana ziwe mfupa mmoja. Inaungana, shemeji, ndiyo maana inapungua! Kumbe nimesema kwa sauti.

"Nesi, mwanangu ana shida?" mama yake akauliza.

"Hana, mama. Ana mifupa ya kutosha."

Ila hasira yenyewe siimudu vizuri, kwa sababu ya swali la mwisho. Mwaka 1962, shule ya wasichana ya Kashasha, Kagera, ilifungwa kwa ugonjwa gani? Watu wakataja kipindupindu, surua, upele. Mama mkwe, kimya jioni nzima na ungo wake wa mlenda, akasema, "Kicheko." Wasichana watatu walianza kucheka, wengine wakafuata, hawakuweza kuacha, na waliporudishwa makwao kikasambaa vijijini. Akawa anasimulia huku yeye mwenyewe bega linatikisika. Akamwambukiza shemeji, karatasi ikaanguka kwenye bakuli la kachumbari. Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Alama yangu bado sijapewa, lakini.

Leo nimepita Nala kuona kiwanja. Jirani mpya ameshachimba msingi, na bikoni, lile jiwe la mpaka, ya upande wa barabara siioni. Baba Neema akishaondoka, sijui nani atasimama pale mpima akija.