Kumtafutia Tilda kwao

Hapa Berlin mbwa mchanga mwenye sura ya huruma hakosi waombaji. Picha za Tilda zilipotoka tu, barua zikaanza kumiminika: wanafunzi, wachumba wapya, familia zenye watoto, wazee wanaoishi peke yao. Karibu wote waliandika kwamba wana upendo mwingi wa kumpa, nami niliwaamini. Ila kwa mbwa mwoga kiasi kile, swali la kwanza ni jinsi maisha ya mtu yanavyokwenda kuanzia asubuhi hadi usiku. Nani anaingia na kutoka? Kuna ngazi? Nje ya mlango kuna barabara gani? Je, nyumbani kuna mbwa mwingine wa kumwongoza?

Mimi ni Mtanzania, muuguzi katika nyumba ya wazee, na kwa miaka kadhaa sasa nalea mbwa kwa muda kwa niaba ya shirika dogo linalowatoa Romania. Shirika linalipia chakula na daktari wa mifugo, mimi natoa chumba na subira. Mwaka 2013 Romania ilipitisha sheria inayoruhusu mbwa wa mitaani waliokamatwa kuuawa baada ya siku 14 za kazi wasipopata wa kuwachukua, ndiyo maana wapenda wanyama wengi wa Ujerumani wanawakimbilia.

Watu wakimwona Tilda huuliza, "Nani alimpiga huyu?" Kwa tunavyojua, hakuna. Alizaliwa ndani ya banda la zege na kukulia humo. Mtoto wa mbwa huizoea dunia kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 hivi; anachokutana nacho wakati huo kwa wema hakimtishi baadaye, na asichokutana nacho hubaki kitu cha kuogopa. Tena kuna sheria ya Ulaya: chanjo ya kichaa cha mbwa haitolewi kabla ya wiki 12, kisha lazima zipite siku 21 ndipo mbwa avuke mpaka. Kwa hiyo hata mwenye bahati kuliko wote hafiki hapa kabla ya wiki 15, na Tilda alifika akiwa amekaribia mwaka. Alikuwa hajawahi kuona ngazi, kioo, mwavuli wala lifti.

Siku za mwanzo aliishi nyuma ya mashine ya kufulia. Alikula usiku, taa zikiwa zimezimwa na mimi nikiwa chumbani. Nilipoanza kumtoa nje, alisimama mbele ya lifti akiwa amebana mkia tumboni, na tulipoondoka niliona alama za nyayo zake sakafuni, zimelowa. Mbwa hutoka jasho nyayoni. Kila nilipovifuta vigae vile nilijua ni wapi hasa alipoingiwa na hofu, na orodha ile ya mahali ndiyo iliyonisaidia baadaye kuwauliza waombaji maswali ya maana.

Mmoja wa waombaji alikuwa rafiki yangu wa karibu, dada wa Kisumu. Anakaa ghorofa ya nne, ana wavulana wawili wadogo, na nyumba yake haikosi wageni. Ukienda Jumamosi utakuta chapati, muziki na watoto wa majirani watatu. Ni nyumba ninayoipenda sana. Shirika lilipomjibu kwamba Tilda hatamfaa, alinipigia simu sauti ikitetemeka: "Niambie ukweli, dada. Wananikataa juu ya rangi yangu?"

Sikumwambia aache kufikiri hivyo. Yeyote aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga katika jiji hili akiwa na jina kama letu anajua swali lile linatoka wapi. Nilikwenda kwa mratibu wetu nikamuuliza waziwazi, naye akanionyesha sababu alizowaandikia wote. Kulikuwa na mume na mke Wajerumani wenye bustani kubwa, walikataliwa kwa kuwa nyumba yao ingekuwa na mafundi na mashine za kutoboa kuta majira yote ya baridi. Kijana mwingine alikuwa mtu mwema kabisa, lakini lango lake lilifungukia barabara ya magari ya mizigo. Nilipomweleza rafiki yangu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mratibu alipaswa kuliweka kwenye barua yake tangu mwanzo: "Basi ni mbwa wa namna gani anayeifaa nyumba kama yangu?"

Nawasihi ndugu zangu wanaoomba mbwa huku, ulizeni hivyo. Mjue pia haki zenu. Mwaka 2013 mahakama kuu ya shirikisho iliamua kwamba mkataba wa kupanga hauwezi kupiga marufuku mbwa wote kwa kifungu cha jumla; mwenye nyumba lazima aangalie hali ya kila mpangaji. Kodi ya mbwa wa kwanza hapa Berlin ni euro 120 kwa mwaka, na bima ya kufidia madhara anayoweza kuwasababishia wengine ni ya lazima. Mtu wa shirika atakuja kukagua nyumba yako. Anaangalia uzio, kibaraza, dirisha lisilofungwa vizuri. Mpokee kama mgeni, naye muulize maswali yako yote.

Aliyekuja kumchukua Tilda alikuwa mzee mstaafu wa reli anayeishi kijijini Brandenburg, nyumba ya chini isiyo na ngazi, na mbwa jike mzee mtulivu. Hakuuliza kama Tilda anabembelezeka. Aliuliza, "Anaogopa nini?" Tulikutana kwanza nje, kwenye njia ya mashambani, tukatembea pande mbili za njia, mbwa wakinusiana kwa mbali. Tilda alikuwa amefungwa kamba mbili, moja shingoni na moja kwenye mkanda wa kifuani, ya pili nimeizungushia kiunoni, kwa sababu mbwa mgeni akichomoka hajui arudi wapi. Namba ya chipu yake, tarakimu 15, ilikuwa imeshasajiliwa TASSO, shirika la Ujerumani linalosaidia kuwarudisha wanyama waliopotea, ambako usajili ni bure.

Baadaye ndani, mzee yule alikaa sakafuni akampa Tilda mgongo. Akaanza kunihadithia habari za njia za reli za zamani, na kila baada ya muda akidondosha kipande cha jibini nyuma yake bila kugeuka. Jike mzee akanywa maji, akajilaza. Tilda alitazama, akanyoosha shingo mpaka miguu ya nyuma ikatanuka, akachukua jibini na kurudi kwenye kona yake. Mzee aliendelea na hadithi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Pale ndipo nilipoamua kumwandikia mratibu kwamba tumempata.

Hakuondoka naye siku ile. Alirudi tena na tena mpaka Tilda akawa anatembea nyuma ya jike yule bila kusita, ndipo tukatia sahihi. Kuhusu usiku wa mwaka mpya, ambao fataki za hapa huwatorosha mbwa wengi, tayari alikuwa na mpango: hulala hoteli karibu na uwanja wa ndege, ambako kulipua fataki kumekatazwa.

Rafiki yangu wa Kisumu naye alipata wake, dume la makamo ambalo mmiliki wake aliingia nyumba ya wazee. Limezaliwa na kukulia ghorofani, kati ya tramu na ving'ora, na wavulana wakipiga mpira koridoni linalala chali.

Mzee wa Brandenburg huniandikia Jumapili. Katika barua ya mwisho alisema Tilda ameanza kulibwekea gari la posta, akauliza kama aanze kumkanya. Nilimjibu amwache kwanza. Muda wote aliokaa kwangu hakuwahi kubweka hata mara moja.