Siku Niliyohesabu Vijiko

Nilikuwa na umri wa miaka 24, karani wa muda, nilipotumwa kuorodhesha mali iliyosalia katika hospitali ya magonjwa ya akili iliyofungwa miaka mingi kabla na sasa ilikuwa ikisubiri kubomolewa. Fomu niliyopewa ilikuwa na safu nne: namba, jina la kitu, idadi na hali. Kwa kuwa nusu ya funguo hazikuwa na alama yoyote, niliambatana na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi humo kwa zaidi ya miaka 30, mama mwembamba asiye na maneno mengi, ambaye alianza kuniita mwanangu kabla hata sijamtajia jina langu.

Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kuogopa. Watu hupenda kupiga picha majengo ya namna ile: kiti cha magurudumu kilichopinduka, rangi inayobanduka ukutani, ukumbi mrefu wenye giza, na hadithi za mizimu hazikawii kufuata. Vyote hivyo nilivikuta na havikunitisha. Kilichonitisha ni jinsi kila kitu kilivyokuwa kimefikiriwa. Madirisha yalifunguka kiasi cha kupitisha mkono, si bega. Vioo vilikuwa vya chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Bafuni, mabomba yote hayakuwa na vishikio, nami katika safu ya hali nikaandika "mabovu". Mama akatikisa kichwa, akanieleza kwamba vishikio havikuibwa wala kuvunjika. Muuguzi wa zamu alitembea na kimoja mfukoni na kufungua maji mwenyewe, ili mgonjwa asijiunguze wala asijizamishe. Nikalifuta neno lile na kuandika "mazima".

Jengo lilikuwa na mabawa marefu yaliyorudi nyuma hatua kwa hatua, kushoto na kulia. Baadaye nilisoma kwamba umbo hilo lilienezwa na Thomas Kirkbride, daktari wa Philadelphia, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1854 alishikilia kwamba jengo lenyewe ni sehemu ya tiba: kila wodi ipate mwanga na hewa safi, na hospitali moja isizidi wagonjwa 250. Ilikuwa nia njema, na bado naamini hivyo, ingawa hospitali nyingi zilizojengwa kwa mpango huo zilikuja kufurika kupita kiasi. Mama alipoanza kazi, vitanda vilikuwa vimesogezwa mpaka vikagusana, na mgonjwa wa katikati alilazimika kutambaa juu ya mwenzake ili aende msalani.

Nilimuuliza kwa nini palifungwa, akanijibu kwa ufupi kwamba dawa zilikuja na fedha zikaisha. Dawa aliyoikusudia ni klopromazini, ambayo madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuitumia kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Kelele za wodini zilipungua, alisema, lakini wagonjwa wakawa wanaburuta miguu na kukaukwa midomo. Mambo yalikwenda hivyo katika nchi nyingi. Marekani ilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000 katika hospitali za umma za akili mwaka 1955, idadi ambayo ilianza kushuka baada ya hapo, na Italia, kwa msukumo wa daktari Franco Basaglia, ilipitisha sheria ya kuzifunga hospitali hizo mwaka 1978. Hapa, wakati wa kufunga ulipofika, wengine walirudi kwao. "Na wengine hawakuwa na kwao," Mama alisema, akaendelea kutafuta ufunguo wa bwalo la chakula.

Humo bwaloni ndimo tulimokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Katika kabati palikuwa na sanduku la mbao la vijiko pamoja na rejista yake, kwa maana vijiko vilihesabiwa kila baada ya mlo kabla mgonjwa yeyote hajaruhusiwa kuinuka. Mama aliketi kwenye benchi na kunisimulia, bila mimi kumuuliza, kuhusu usiku ambao kijiko kimoja kati ya 48 kilikosekana. Wanawake wote wa wodi walikalishwa mpaka karibu na saa sita za usiku. Walipekuliwa nguo, nywele na midomo, na hakikuonekana. Mwishowe mgonjwa mmoja, ambaye siku nyingi hakusema neno, aliinua mkono na kusema kwamba amekichukua yeye. Alipoulizwa amekiweka wapi hakuwa na jibu. Alifungiwa peke yake kwa siku tatu, na aliyetia sahihi ni Mama, aliyekuwa mkuu wa zamu.

"Alisema vile ili wenzake wakalale," alisema. "Nililijua hilo usiku uleule, na sahihi nikaitia."

Kijiko hakikupatikana. Mwezi uliofuata, namba katika rejista ilipunguzwa kuwa 47, na ukurasa wa mwisho, niliousoma mwenyewe, bado ulionyesha 47.

Nilivimwaga vijiko mezani na kuvihesabu. Vilikuwa 48. Nikadhani nimekosea, nikavihesabu upya kimoja kimoja, kisha Mama akanisogeza kando na kuvipanga mwenyewe kumi kumi, mafungu manne, na vinane vikabaki pembeni. Huenda kijiko kile kilirudi na vyungu vya jikoni, na aliyekikuta akakitumbukiza sandukuni bila kumwambia mtu. Nikamuuliza kama nifuate rejista au nifuate hesabu yetu.

"Andika arobaini na nane, mwanangu."

Nikaandika. Ilibaki safu ya hali. Aliokota kijiko kimoja, akakigeuza huku na huku, akakifuta kwa upindo wa nguo yake na kukirudisha penye fungu lake, kisha akaniambia niandike kwamba vyote ni vizima, na tukaendelea na sahani.