Kijiko kwa kijiko

Jana mdogo wangu alitoka wodini. Alianza kuharisha usiku, hapa mwaloni Ziwa Albert. Kufikia alfajiri macho yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Kipindupindu. Jamani, msisubiri kukuche kama nilivyosubiri mimi.

Muuguzi, Mungu ambariki, alinieleza kitu ambacho sikukijua: kijidudu chenyewe hakiingii ndani ya seli za utumbo. Kinabaki nje, kinatema sumu. Sumu hiyo ina sehemu tano za kung'ang'ania ukuta wa seli na moja ya kudhuru. Seli inaimeza yenyewe, kisha kipande kile kibaya kinapenya ndani na kukwamisha swichi iliyopaswa kujizima. Basi chumvi inamwagika utumboni bila kukoma na maji yanaifuata, hata lita moja kwa saa! (Mtafiti S. N. De aliithibitisha sumu hii kule Kolkata, India, mwaka 1959.)

Lakini mlango unaoingiza sukari na chumvi pamoja sumu haiugusi. ORS, yaani ile dawa ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, inapitia hapo hapo. Nilimnywesha kijiko kwa kijiko, dripu ikiendelea, mpaka saa kumi jioni akakojoa. Nililia.