Tulivyofunga likizo ya Agosti kwenye ploti bila mchango wa pesa

Likizo ya Agosti hapa Nairobi ni fupi na huangukia wakati mbaya. Baridi iliyoanza Juni bado haijatuachia vizuri, watoto wameshinda ndani wakipigania rimoti, na kabla hujapumua muhula wa tatu umebisha hodi na mahitaji yake: karo, viatu, madaftari. Kwa hivyo nilipoandika kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Kayole kwamba tuwafanyie watoto kasherehe kadogo kabla shule hazijafunguliwa, jibu la kwanza lilikuwa, "Mchango tena?"

Hakukosea kuuliza. Pesa za mchango kwenye ploti huzaa kesi. Aliyetoa mia mbili anataka kujua mbona mwenzake katoa hamsini, na mshika pesa haishi kutazamwa mifuko. Nikawajibu: hakuna pesa. Kila nyumba ilete kitu ambacho tayari kiko jikoni, na asiye na kitu alete mikono.

Wengine walisema tungoje Desemba. Desemba gani? Desemba ploti hubaki na keateka, yule mtunza ploti, na paka, wengine wote wako ushago, kwao mashambani. Wengine wakataka tuwapeleke watoto Uhuru Park kwa sababu kuingia ni bure. Ni kweli, lakini matatu si bure, na nauli ya kwenda na kurudi kwa watoto wa ploti nzima ni pesa ya kulisha nyumba kadhaa. Lile kasri la upepo la kukodi, la watoto kurukia, sikutaka hata kulisikia.

Tukachagua Jumamosi. Jumapili ni ya kinyozi, kusukana na kufua yunifomu. Saa nane mchana ndipo tulipoanza, kwa kuwa jirani mmoja ni askari wa usiku na ilibidi alale kwanza. Spika hatukutoa, na hakuna mtoto aliyeiulizia. Walikuwa na michezo yao ya brikicho, kati na bano, na kamba ya kuruka ilipotokea kina mama ndio waliokataa kuiachilia.

Kazi yenyewe ilikuwa chapati. Pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa chapati ishirini hivi za wastani, kwa hivyo nyumba chache zikileta pakiti moja moja, watoto wamekula na wakubwa wameonja. Shosho wa nyumba ya kwanza ndiye aliyekanda: maji vuguvugu, chumvi, sukari kidogo, mafuta, kisha akafunika beseni kwa kitambaa na kuketi kando kama anayelinda benki.

"Shosho, si tuanze kusukuma?"

"Ngoja, mjukuu wangu. Unga ukiharakishwa utakula ndala."

Tukangoja. Makaa siku hizi yanauma, kwa hivyo kijana mmoja alienda kwa fundi wa mbao barabarani akarudi na gunia la vipande ambavyo vingetupwa. Mboga ilikuwa ndengu, maana maharagwe yangekunywa moto wote, nazo zilikuwa zimechemshwa tangu usiku kwenye nyumba mbili. Kibao cha kusukumia kilikuwa kimoja tu. Wengine walisukuma kwa chupa juu ya meza, na chapati zao zilikuwa na umbo la ramani ya Kenya. Zililiwa vilevile.

Lakini kilichookoa mifuko ya watu ni kamba ya nguo. Nilikuwa nimeomba kila mzazi atundike yunifomu iliyomkaa mtoto ndogo, iwe imefuliwa na jina limetolewa. Sweta zina rangi za shule, hapo huna la kufanya, ila shati jeupe na viatu vyeusi havina shule. Kaptura za bluu nazo zilipata wenyewe upesi. Chini ya kamba tukatandika mkeka wa vitabu vya gredi zilizopita, mabegi na seti za jiometri zilizopungua kitu kimoja au viwili.

Jambo moja ningemwambia yeyote anayetaka kujaribu: wazazi wachague asubuhi, watoto wakiwa bado wamelala. Mtoto wa gredi ya nane hawezi kuonekana akijaribu shati la mwenzake mbele ya ploti nzima. Afadhali aende na lililochanika. Asubuhi ile kina mama walichagua kimyakimya, na jioni nguo zilizosalia zikaachwa kambani kwa yeyote.

Saa moja hivi giza lilipoingia, kila mtu alifagia mbele ya mlango wake na keateka akamwaga maji uani, kiasi kidogo, maana mfereji wetu una siku zake. Nguo zilizobaki shosho amezifungia kwenye gunia hadi Januari, mwaka mpya wa shule utakapoanza. Mfuniko mmoja wa sufuria mpaka leo haujapata mwenyewe. Uko kwa keateka, nyumba tatu zinaudai.