Ramani za yule mwanamke wa Ramallah

Jumamosi tulikutana kujadili riwaya ya Minor Detail ya Adania Shibli, mwandishi wa Kipalestina, na mpaka leo sijatulia aisee. Kitabu chenyewe chembamba, kilitoka kwa Kiarabu 2017. Nusu ya kwanza ni jangwa la Negev, Agosti 1949, wanajeshi wa Israel wanamkamata binti wa Kibedui, wanambaka, wanamuua. Nusu ya pili ni mwanamke wa Ramallah, mji wa Wapalestina, miaka mingi baadaye, anataka kumjua yule binti, basi anaazima kitambulisho cha mfanyakazi mwenzake ili apite vizuizi vya jeshi la Israel, yuko kwenye gari la kukodi na ramani kibao, za sasa na za kabla ya 1948, mwaka Israel ilipoundwa, anazilinganisha, vijiji vimefutika kabisa. Hapo kwenye ramani ndo tulikaa karibu saa nzima.

Dada mmoja akasema kinachomuuma ni kwamba binti hapewi hata jina, mi nikasema yule mbwa anayebweka humo kitabuni ndo anamlilia.

Oktoba 2023 Shibli alikuwa apewe tuzo kwenye maonesho ya vitabu ya Frankfurt, sherehe ikaahirishwa. Iliniuma sana. Mwezi ujao tunasoma mashairi ya Mosab Abu Toha wa Gaza.