Mhina wa uani na maua yake mkononi

Anayetafuta nakshi ya hina kwenye simu ilhali asumini imechanua pale kiwandani, uwanja wa ndani wa nyumba ya Kiamu, anajinyima. Chuma ua moja ulitazame kwa karibu. Petali za asumini hutoka kwenye kibomba chembamba, na kila moja huilalia jirani yake kidogo. Kwa hiyo petali ya pili isichorwe nzima: ianzie pale ya kwanza ilipoifunika. Ukikosa hilo, ua linageuka gurudumu.

Mlangilangi una petali 6 ndefu zilizolegea, zinazofaa kuteremka kwenye vidole. Komamanga lina taji lake. Mhina wenyewe hutoa majani mawili mawili yakitazamana, nao wachoraji wengi huyapishanisha. Kikonyo kikawa cha mti mwingine kabisa.

Rangi nayo itoke uani. Chuma majani machanga ya ncha za matawi, uyaanike kivulini siku 3 hadi 5. Jua kali huyapausha na kuipunguza rangi. Yakivunjika kwa vidole, twanga, kisha chekecha kwa kitambaa chepesi cha shashi. Chekeche la jikoni halitoshi: chembe moja ya kikonyo huziba koni ya kuchorea, na ukibinya kwa nguvu inatema tone katikati ya ua.

Kwa gramu 50 za unga, tia maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka upate uzito wa mtindi mzito, na sukari nusu kijiko cha chai. Usizidishe sukari, maana hewa ya Lamu ina unyevu. Ikizidi, hina hukataa kukauka na mistari hutambaa. Funika saa 8 hadi 12. Jaribu tone kwenye kiganja kwa dakika 5: likiacha rangi ya machungwa, hina imeiva. Ikikaa siku nyingi kwenye joto inaisha nguvu.

Koni ni karatasi ya nailoni ngumu, kama sentimita 15 kwa 20, yenye tundu la ncha ya pini. Petali huchorwa hivi: binya tone, acha kubinya, kisha vuta kuelekea katikati ya ua. Anayebinya huku akivuta hupata mnyoo, si petali.

Iache hina mkononi saa 6 hadi 8. Ikwangue, paka mafuta ya nazi, na maji yasubiri kadiri uwezavyo. Usihuzunike ukiona rangi ya machungwa. Hukolea kuwa kahawia ndani ya siku 2. Kiganja hukolea zaidi kwa kuwa ngozi yake ni nene, ndiyo maana maua ya mistari minene tunayaweka huko.

Tafadhali, usichanganye piko ili upate weusi wa haraka. Ile ni dawa ya kutia nywele weusi, si mmea. Huweza kuchoma ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la ua lilelile. Mtoto mchanga naye asipakwe hata hina halisi, kwani wapo wenye damu isiyoistahimili.

Ukishachuma, pogoa ncha za mhina na uumwagilie. Machipukizi mapya ndiyo majani ya hina ijayo.